Chanzo Kimoja, Vinywa Elfu: Habari za Vita vya Iraq kwa Mizani ya Wapokezi

Kuna dhana mbili zilizoenea miongoni mwetu kuhusu vyombo vya habari vya nchi za Magharibi, na zote mbili humdhuru mwenye kuzishika. Ya kwanza ni ya wanaosema kuwa propaganda ni maradhi ya nchi za kidikteta peke yake. Kwamba nchi yenye vyama vingi, mahakama huru na magazeti yasiyomilikiwa na serikali haiwezi kupotoshwa yote kwa pamoja, kwani gazeti hili likisema uongo, lile litaufichua. Ya pili ni ya wanaosema kuwa kila kitokacho huko ni uongo uliopikwa katika jiko moja, kwa hiyo hakuna haja ya kusoma wala kuchunguza. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa dhana zote mbili hazisimami, na itafanya hivyo kwa mfano mmoja ambao nyaraka zake nyingi zimekwisha wekwa wazi: habari zilizotangulia uvamizi wa Iraq wa Machi 2003.

Hoja yetu ni hii. Umma wa Marekani na Uingereza haukupotoshwa kwa njia ya kuwaziba midomo waandishi wote. Ulipotoshwa kwa kuichukua kauli ya watu wachache na kuipitisha katika vinywa vingi mpaka ikaonekana kuwa ni kauli ya watu wengi wasiojuana. Na upotoshaji wa namna hii hauondoki kwa kuongeza idadi ya magazeti, kwani wingi wa magazeti ndio chombo chake.

Mizani tunayoitumia

Wasomaji wa kurasa hizi wanaijua elimu ya mapokezi. Imam Muslim ameeleza katika utangulizi wa Sahihi yake, kutoka kwa Muhammad bin Sirin aliyefariki mwaka 110 Hijria, kuwa watu wa mwanzo hawakuwa wakiulizana kuhusu isnadi, mpaka fitina ilipotokea ndipo wakaanza kutakana majina ya wapokezi. Maana yake ni kuwa wakati wa fitina ndio wakati wa kuuliza zaidi. Watu wengi hufanya kinyume: vita ikikaribia, maswali hupungua.

Katika elimu hiyo, pamoja na mlango wa ushahidi katika fiqhi, yako mambo matatu yatakayotutosha hapa. La kwanza: habari haiitwi mutawatir kwa sababu tu imeenea. Huitwa hivyo pale wapokezi wake wanapokuwa wengi katika kila tabaka, mwanzo, kati na mwisho, kiasi kwamba kawaida haikubali kuwa wamekubaliana juu ya uongo. Hadithi mashuhuri ya nia inaijua kila mtoto wa madrasa, na waliyoipokea kutoka kwa Yahya bin Said al-Ansari ni wengi mno. Lakini juu yake mnyororo ni wa mtu mmoja mmoja mpaka kwa Umar bin al-Khattab. Wanazuoni wakaikubali kuwa ni sahihi kwa uaminifu wa watu wake, lakini hawakuiita mutawatir. Hata katika hadithi waliyoipenda na kuifungulia vitabu vyao, hawakukubali idadi ya waliokuja baadaye ifunike uchache wa waliotangulia.

La pili: mpokezi asiyejulikana hakubaliwi kwa sababu tu aliyepokea kwake ni mtu mkubwa; na mwenye mazoea ya kumficha aliyempa habari, yaani mwenye kufanya tadlisi, habari yake hutiliwa shaka mpaka aseme wazi ameisikia kwa nani. La tatu: mafakihi hawaukubali ushahidi wa mtu ambaye kwa ushahidi wake anajivutia manufaa nafsini mwake.

Hatusemi kuwa habari ya gazeti ina hukumu ya hadithi. Tunaazima mizani tu, kama mtu anavyoazima pishi ya jirani kupimia mchele wake.

Shahidi mwenye maslahi

Kabla ya vita vya 2003 kulikuwa na vya 1991, na humo tunakuta mfano mdogo ulio wazi. Iraq iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Uvamizi ulikuwa wa kweli, na madhila waliyoyapata watu wa Kuwait yalikuwa ya kweli. Lakini serikali ya Marekani ilihitaji umma uliokuwa ukisitasita uridhie vita. Tarehe 10 Oktoba 1990 msichana wa miaka 15, aliyetajwa kwa jina moja tu la Nayirah, alisimama mbele ya kikundi cha wabunge wa Marekani kinachoshughulikia haki za binadamu. Akaeleza kwa machozi kuwa aliwaona askari wa Iraq hospitalini wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za kutunzia watoto njiti na kuwaacha wafe sakafuni. Jina la ukoo wake lilifichwa, kwa maelezo kuwa jamaa zake walioko Kuwait wasije wakadhurika.

Habari ile ilizunguka dunia. Rais George H. W. Bush aliirudia mara kadhaa katika hotuba zake. Shirika la Amnesty International nalo liliitoa katika ripoti yake ya Desemba 1990, likitaja vifo vya watoto 312. Maseneta waliitaja katika mjadala wa kuidhinisha vita, na tarehe 12 Januari 1991 Baraza la Seneti likaidhinisha kwa kura 52 dhidi ya 47.

Baada ya vita, waliofika Kuwait kuchunguza hawakupata ushahidi wa kuaminika wa tukio hilo, na Amnesty ikaiondoa kauli yake mwezi Aprili 1991. Kisha Januari 1992 mwandishi John MacArthur akafichua katika gazeti la New York Times kuwa Nayirah alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington. Ushahidi wake ulikuwa sehemu ya kampeni iliyoendeshwa na kampuni ya uhusiano na umma ya Hill and Knowlton, iliyolipwa zaidi ya dola milioni 10, na takriban fedha zote zilitoka katika serikali ya Kuwait. Tena kikundi kile cha wabunge hakikuwa kamati rasmi ya bunge, kwa hiyo shahidi hakuwa amebanwa na kiapo.

Tazama namna makosa yote matatu yalivyokusanyika hapa. Shahidi hakujulikana. Shahidi alikuwa na maslahi. Na rais, maseneta na mamia ya magazeti waliokuja baada yake walihesabiwa kuwa mashahidi wengine, ilhali kazi yao ilikuwa kurudia tu. Lau mtu mmoja angeuliza swali la kawaida kabisa ambalo kadhi wa mtaani humuuliza shahidi, yaani wewe ni binti wa nani, habari ingebadilika sura siku ile ile.

Jumapili ya mduara

Tuje sasa kwenye 2002. Siku ya Jumapili, tarehe 8 Septemba 2002, New York Times lilichapisha katika ukurasa wa mbele habari ya waandishi Michael Gordon na Judith Miller. Walieleza kuwa Iraq ilikuwa imejaribu kununua maelfu ya mabomba ya alumini, ambayo maofisa wa Marekani waliamini kuwa ni ya mashine za kurutubishia urani kwa ajili ya bomu la nyuklia. Maofisa hao hawakutajwa majina.

Asubuhi ile ile Makamu wa Rais Dick Cheney alikuwa katika kipindi cha televisheni cha NBC. Alipozungumzia mabomba yale aliwaelekeza watazamaji kwenye habari iliyokuwa katika New York Times siku hiyo. Condoleezza Rice alikuwa CNN akionya kuwa uthibitisho usije ukangojwa mpaka uje kwa sura ya wingu la bomu la nyuklia. Colin Powell na Donald Rumsfeld nao walikuwa katika vituo vingine.

Ukiandika mnyororo wa habari hii utaona ajabu. Ofisa wa serikali anampa mwandishi habari kwa sharti asitajwe. Mwandishi anaiandika. Kisha mkubwa wa serikali ile ile anasimama mbele ya umma na kulitaja gazeti kana kwamba ni shahidi wa pembeni aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe. Mtazamaji wa kawaida aliyesoma gazeti asubuhi na kutazama vituo vinne vya televisheni alihesabu mashahidi watano. Kwa mizani ya wapokezi shahidi alikuwa mmoja, naye amefichwa. Hii ni tadlisi iliyokamilika: mpokezi amejificha nyuma ya gazeti, kisha akalinukuu gazeti.

Kumbe ndani ya serikali yenyewe walikuwako waliopinga. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao ndio wanaozijua mashine hizo, walikuwa na shaka kubwa tangu 2001 na waliona mabomba yale yanafaa zaidi kwa maroketi ya kawaida. Shaka hiyo haikupewa nafasi sawa. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, aliliambia Baraza la Usalama kuwa uchunguzi haukuonyesha kuwa mabomba hayo ni ya kurutubishia urani. Akaongeza kuwa nyaraka zilizodai kuwa Iraq ilitaka kununua urani kutoka Niger hazikuwa halisi. Hiyo Niger ilikuwa imekwisha ingia katika hotuba ya Rais George W. Bush ya tarehe 28 Januari 2003, ikiegemezwa kwa serikali ya Uingereza. Na mwezi Julai, vita vikiwa vimekwisha pigwa, Ikulu ya Marekani ilikiri kuwa maneno hayo hayakupasa kuwemo.

Mpokezi aliyekwisha jeruhiwa

Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama kuwa Iraq ina maabara za kutengenezea silaha za vijidudu zinazotembea juu ya magari, na akataja mashahidi wanne. Wa kwanza na muhimu zaidi alikuwa Mwiraki aliyekimbilia Ujerumani, aliyepewa na majasusi jina la siri la Curveball. Majasusi wa Marekani hawakuwa wamepata nafasi ya kumhoji wenyewe. Maneno yake yaliwafikia kupitia idara ya ujasusi ya Ujerumani, ambayo yenyewe ilikuwa na wasiwasi naye. Mwezi Februari 2011 mtu huyo alikiri mbele ya gazeti la The Guardian kuwa alitunga, kwa kutaka utawala wa Saddam uondolewe.

Shahidi mwingine katika wale wanne alikuwa askari aliyetoroka Iraq. Huyu idara ya ujasusi ya jeshi la Marekani ilikwisha mtolea ilani mwezi Mei 2002 kuwa habari zake ni za kutunga. Kwa istilahi zetu alikuwa amekwisha jeruhiwa na watu waliomjua, jarhi imeandikwa na kuwekwa katika jalada. Miezi tisa baadaye kauli yake ikatolewa mbele ya dunia nzima kuwa ni ya kumtia nguvu Curveball. Mwongo akamtolea ushahidi mwongo mwenzake, wakahesabiwa wawili.

Kesho yake gazeti la Washington Post liliandika tahariri iliyopewa kichwa cha neno moja, lenye maana ya "Haipingiki".

Askari huyo aliletwa na chama cha Wairaki waliokuwa uhamishoni kilichoitwa Iraqi National Congress, kikiongozwa na Ahmed Chalabi, ambacho kilipokea fedha za serikali ya Marekani. Mwezi Juni 2002 chama hicho kiliiandikia kamati ya Seneti barua ya kuonyesha matunda ya kazi yake, na kikaorodhesha makala 108 za magazeti na vyombo vingine, za Marekani na za nje, zilizotumia habari zake. Msomaji wa London na msomaji wa New York, kila mmoja aliamini kuwa gazeti lake limefanya uchunguzi wake. Maji yalikuwa ya kisima kimoja, ndoo ndizo zilikuwa 108. Na fedha za kuchotea maji hayo zilitoka kwa serikali iliyotaka vita, na kwa watu waliotarajia kutawala baada ya vita. Hapa ndipo kanuni ya mafakihi kuhusu shahidi anayejivutia manufaa inapodhihirisha hekima yake.

Dakika 45 za Uingereza

Uingereza nako mambo hayakuwa tofauti. Tarehe 24 Septemba 2002 serikali ya Tony Blair ilitoa waraka uliodai kuwa Iraq inaweza kuziweka tayari silaha za kemikali na vijidudu ndani ya dakika 45. Magazeti yakaigeuza kuwa habari ya hofu. The Sun likawaambia Waingereza kuwa wako dakika 45 tu mbali na maangamizi. Baadaye ilidhihirika kuwa habari ile ilikuwa ya chanzo kimoja, na kwamba ilihusu silaha za uwanja wa vita, si makombora ya kuifikia Uingereza. Serikali haikutoka kuyasahihisha magazeti. Katika propaganda ya namna hii kunyamaza nako ni kusema: unatoa kauli yenye mwanya, unaliacha gazeti liujaze mwanya huo, kisha ukiulizwa unasema si wewe uliyeandika.

Mwanzoni mwa Februari 2003 ukatoka waraka wa pili, na sehemu kubwa yake ikabainika kuwa imenakiliwa katika makala ya kitaaluma iliyokwisha chapishwa, pamoja na makosa yake ya uandishi. Powell alikuwa amekwisha usifu waraka huo mbele ya Baraza la Usalama. Serikali moja ikawa shahidi wa serikali nyingine.

Wataalamu waliokaa vitini

Lilibaki tabaka la tatu baada ya serikali na magazeti, nalo ni la wafafanuzi. Televisheni za Marekani zilijaza majenerali na maofisa wa jeshi waliostaafu, wakiwaeleza watazamaji maana ya mambo. Mtazamaji aliwaona kuwa ni watu huru wenye ujuzi. Tarehe 20 Aprili 2008 mwandishi David Barstow wa New York Times alionyesha, kwa nyaraka zilizopatikana baada ya kesi mahakamani, kuwa Wizara ya Ulinzi iliwaandaa maofisa zaidi ya 75 wa namna hiyo. Iliwapa maelezo ya faragha na hoja za kusema, na wengi wao walikuwa na uhusiano na makampuni yaliyotafuta zabuni za kijeshi. Uchunguzi huo ulipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009, lakini vituo vya televisheni vilivyohusika havikuipa habari hiyo nafasi ya maana.

Shirika la FAIR, ambalo lina mwelekeo wa mrengo wa kushoto, na tunasema hivyo ili msomaji alipime naye, lilihesabu watu 1,617 waliotokea katika habari za vita za vituo sita vya Marekani katika wiki tatu za mwanzo za uvamizi. Asilimia 64 walikuwa upande wa vita. Katika Wamarekani waliohojiwa, waliopinga vita walikuwa asilimia 3 tu. Ni kweli wapo waliofungiwa mlango, kama Phil Donahue ambaye kipindi chake katika MSNBC kilisitishwa Februari 2003. Lakini kwa ujumla hakukuhitajika kumfunga mtu. Ilitosha kuchagua nani akae kitini.

Matokeo katika akili za watu

Mwezi Agosti 2003 gazeti la Washington Post liliuliza maoni ya Wamarekani, na kama 7 kati ya 10 waliona kuwa inaelekea Saddam Hussein binafsi alihusika katika mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Hakuna ushahidi wowote uliowahi kulithibitisha hilo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwauliza watu mambo matatu: je, imepatikana dalili ya wazi ya ushirikiano wa Iraq na al-Qaida, je, zimepatikana silaha za maangamizi, na je, watu wengi duniani waliunga mkono vita. Yote matatu hayakuwa kweli, lakini asilimia 60 waliamini angalau moja. Kwa waliotegemea kituo cha Fox walikuwa asilimia 80. Kwa waliotegemea vituo vya umma vya redio na televisheni walikuwa asilimia 23.

Takwimu hiyo ya mwisho inajibu dhana zote mbili tulizoanza nazo. Uhuru wa habari haukumlinda mtazamaji wa Fox, kwa hiyo ya kwanza imeanguka. Lakini pengo la 80 na 23 linaonyesha kuwa vyombo havikuwa sawa, na aliyechagua vizuri alipona zaidi. Kwa hiyo ya pili nayo imeanguka.

Na haya si mabishano ya darasani. Ripoti ya kundi la wachunguzi lililoundwa na Marekani yenyewe, iliyotolewa Oktoba 2004, ilikuta kuwa Iraq haikuwa na akiba ya silaha hizo. Kufikia wakati huo nchi ilikuwa imekwisha vunjika. Raia wa Iraq zaidi ya 100,000 na wanajeshi wa Marekani karibu 4,500 walikufa katika miaka iliyofuata. Habari isiyo na isnadi ilitosha kufungua mlango wa damu hiyo.

"Sote tulikosea"

Tarehe 26 Mei 2004 New York Times liliwaeleza wasomaji wake kuwa baadhi ya habari zake hazikuchunguzwa ipasavyo. Maelezo hayo yaliwekwa ukurasa wa 10, ilhali habari zenyewe nyingi zilikuwa ukurasa wa mbele, na majina ya waandishi hayakutajwa. Agosti 12 ya mwaka huo Washington Post lilichapisha uchunguzi wa mwandishi wake Howard Kurtz. Ulionyesha kuwa tangu Agosti 2002 mpaka vita kuanza gazeti hilo lilitoa katika ukurasa wa mbele habari zaidi ya 140 zilizoelemea hoja za serikali dhidi ya Iraq, huku habari za wenye shaka zikisukumwa ndani. Tunazishukuru kurasa hizo, kwani magazeti mengi duniani hayajawahi kufanya hata hilo.

Hata hivyo hoja iliyobaki vinywani mwa wengi ni kuwa ujasusi ulikosea, na sote tukakosea pamoja nao. Hoja hii hatuikubali. Tarehe 6 Septemba 2002, siku mbili kabla ya habari ya mabomba ya alumini, shirika la magazeti la Knight Ridder lilieleza kuwa maofisa wakubwa wa Marekani wenyewe wana wasiwasi kwa kukosekana ushahidi thabiti. Waandishi wake Jonathan Landay na Warren Strobel waliendelea hivyo mpaka vita. Hawakuwa na ujasusi wa pekee. Walichofanya ni kuwauliza wataalamu wa ngazi za kati wanaozisoma taarifa zenyewe, badala ya kuwauliza mawaziri peke yao. Walitafuta njia ya pili ya mapokezi isiyopitia kwa mpokezi yule yule. Shirika hilo lilikuwa na magazeti zaidi ya 30, lakini halikuwa na gazeti Washington wala New York, mahali wanapoishi wakubwa. Hivyo kauli yake haikurudiwa. Basi haikuwa kweli kuwa wote walikosea. Walikosea waliohesabu vinywa, wakapatia waliohesabu vyanzo.

Edward Herman na Noam Chomsky, katika kitabu chao cha 1988 kuhusu namna ridhaa ya umma inavyotengenezwa, walieleza sababu za udhaifu huu: umiliki wa matajiri, kutegemea matangazo, kutegemea maofisa kama chanzo, hofu ya kushambuliwa, na adui wa pamoja. Maelezo yao yana nguvu, na kutegemea maofisa ndiko tulikokuona katika kila sehemu ya makala hii. Lakini msomaji asiyekuwa makini hutoka katika kitabu hicho akidhani kuwa kila habari imekwisha hukumiwa kabla hajaisoma. Mizani ya wapokezi haimruhusu uvivu huo. Haimwambii kuwa gazeti fulani ni la uongo. Inamtaka apime habari moja moja, na mpokezi mmoja mmoja.

Na sisi je?

Ingekuwa rahisi kuishia hapa tukiwacheka wengine. Lakini magazeti yetu ya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar hupata habari nyingi za nje kutoka kwa mashirika yale yale machache. Msomaji anayesoma habari moja katika magazeti matatu hudhani ana mashahidi watatu, kumbe wafasiri ni watatu na habari ni moja. Siku hizi ujumbe wa simu unaotufikia kupitia makundi kumi huonekana umethibitishwa mara kumi, ilhali aliyeuandika kwanza hajulikani.

Tena wapo miongoni mwetu waliomwamini Muhammad Said al-Sahhaf, waziri wa habari wa Iraq, alipokuwa akisema mwezi Aprili 2003 kuwa hakuna Wamarekani Baghdad, na vifaru vyao viko mjini. Walimwamini kwa sababu walitamani asemayo yawe kweli. Mwenye kukataa uongo wa Powell akaupokea wa al-Sahhaf hajapima kitu. Amebadilisha timu tu.

Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo una haki yake katika mtaa ambao wasemaji ni wengi, wanajuana, na kila mmoja ameona kwa jicho lake. Hauna haki pale msemaji anapokuwa mmoja na vipaza sauti ni elfu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, habari nzito ikikufikia, hasa ya vita, uliza nani aliyeona, nani aliyemtaja, atafaidi nini ikiaminiwa, na kama iko njia nyingine isiyopitia kwake. Usipopata majibu, isimamishe hapo ulipo. Anayeipeleka mbele naye amekwisha kuwa mpokezi, na jina lake limeingia katika mnyororo.